Paa la Mjane wa Lambwe

Upepo ulioshuka bonde la Lambwe alasiri ile uling'oa mabati ya upande mmoja wa nyumba ya Rispa na kuyatupa kwenye ua wa jirani. Kitanda kilibaki wazi chini ya mbingu. Upande wa ziwani, mawingu mengine yalikuwa yanakusanyika, meusi.

Willis fundi alikuja alipoitwa. Aliyarudisha mabati uani, akaegemeza ngazi ukutani, lakini kabla hajapanda, Joash akaingia bomani. Alikuwa kaka mkubwa wa Oliver, mume wa Rispa, waliyemzika msimu wa mavuno.

"Willis, usipande hapo."

"Mzee, mvua iko karibu."

"Unataka mkosi? Hujui huyu hajarithiwa?"

Willis alijua. Mjane ambaye hajarithiwa, yaani hajalala na mwanaume wa kumtakasa kimila, mwanaume hapandi juu ya nyumba yake, na mjane mwenyewe haingii nyumba ya mtu. Fundi alijifuta mikono kwenye suruali bila kumtazama Rispa.

"Ngazi nitachukua kesho," alisema, akaenda zake.

Joash alimgeukia Rispa. "Nyar Uriri," alisema, akimwita binti wa Uriri, maana huko ndiko alikozaliwa, "nimekuambia mara ngapi? Wangwe wa Sindo anajua hii kazi. Analala hapa usiku mmoja tu. Asubuhi mabati yako juu."

"Shemeji, mimi nimeokoka. Siwezi kulala na mtu hata simjui."

"Wokovu utakufunika mvua? Bila mwanaume wewe ni nani hapa? Hata kuku wa mama wana mwenyewe."

Mgongoni mwa Rispa, mtoto wake Emmaculate alikohoa. Kifua kilikuwa kinakoroma na mwili ulikuwa moto. Bado alikuwa ananyonya, kwa hivyo hangeweza kulala kwa bibi yake, mama wa Joash, bila Rispa. Na barabara ya kwenda Uriri ilikuwa imekatwa na maji tangu mvua ya juzi.

Rispa aliangalia mawingu. Akasikia mdomo wake ukisema, "Basi mwite."

Joash alitoka akitabasamu, simu sikioni.

Rispa alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Tangu utotoni alikuwa ameanza kila sala kwa maneno yale yale: Asante Baba, kwa kuwa unanipenda. Leo hayakutoka.

"Unanipenda vipi?" alilia. "Mume umechukua. Paa umechukua. Sasa na mwili wangu nitoe?"

Mtoto alikohoa, tone la kwanza likaanguka kwenye godoro.

Ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Miaka yote alikuwa akishukuru kwa ajili ya vitu: mume mwema, mahindi, nyumba ya mabati. Ndivyo vilivyokuwa ushahidi wake kwamba anapendwa. Leo havikuwepo, amebaki yeye peke yake. Na Yesu hakwenda msalabani kwa ajili ya mke wa Oliver. Alikwenda kwa ajili ya Rispa, akimjua, kabla hajawa mke wala mjane wa mtu. Joash alikuwa ameuliza yeye ni nani. Jibu lilikuwa limeshatolewa, kwa damu.

"Asante," alisema. Hofu haikumtoka. Aliinuka nayo.

Mama mkwe wake, Marcella, alikuwa amesimama uani. Rispa alimpa mtoto, akachukua nyundo na misumari, akafunga bati la kwanza kwa kamba na kupanda ngazi. Mwanamke juu ya nyumba! Hilo lilikuwa baya kuliko yote, na alilijua.

Joash alirudi mbio. "Shuka! Mama, mwambie ashuke! Huoni anachofanya?"

"Joash, macho yangu yana ukungu," Marcella alisema, akimfunika mjukuu kwa leso. "Naona miti tu. Wewe unaona nini?"

"Hakuna atakayekusalimia hapa, nyar Uriri! Hata kisimani!"

Rispa alipigilia misumari, mingine ikapinda. Aliumia kidole, upepo ukataka kumbeba pamoja na bati. Mvua ilimkuta bati la mwisho likiwa limeshikwa upande mmoja tu.

Aliposhuka, pikipiki ilikuwa imesimama langoni. Mtu aliyevaa koti la mvua aliuliza, "Ni hapa kwa mjane?"

"Hapa kuna mtoto mgonjwa," Marcella alimjibu. "Rudi kwenu kabla mto haujajaa."

Rispa alifunga mlango kwa komeo. Alisukuma kitanda hadi pembe iliyokuwa kavu, akampa Emmaculate titi. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akakohoa, akanyonya tena. Maji yaliendelea kudondoka kule mlangoni. Rispa hakujua kesho atachota maji na nani. Alikaa hapo, nguo zikimgandia mwilini, akiongea na Baba yake kwa sauti ya chini hadi mtoto akalala.