Chembe Zilizokufa Gulwe

Mpini wa jembe ulimpata Anyesi juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia, mfupa ukalia kama bua la mtama. Alikuwa amekaa uani anapepeta uwele. Ungo uliruka, punje zikamwagika, kuku wakazikimbilia kama hakuna lililotokea.

"Mtoto wa nani?" Matonya alifoka. "Nimekuuliza, mtoto wa nani?"

"Wako, Baba Ebenezer."

Mpini ukashuka tena, safari hii begani. Miaka ishirini na tisa ya ndoa, kofi alishalijua. Mti hakuwahi kuuonja.

"Karatasi inasema si wangu!"

Karatasi yenyewe ilikuwa mkononi mwa shemeji yake, Zablon, aliyesimama mlangoni mwa tembe. Zablon alikuwa mtendaji wa kijiji zamani, na pale Zuzu barua yoyote ngumu ilisomwa naye. Hakuinua hata kidole kumzuia kaka yake.

"Shemeji, mimi sijasema kitu," alisema. "Nimesoma tu. Kijana ana alama ambayo kwa mama haipo, na kwa baba haipo. Sasa imetoka wapi? Imeshuka na mvua?"

Ebenezer ndiye mtoto pekee aliyewabakia. Wawili waliomtangulia walizikwa wadogo. Alikuwa karani mjini Dodoma mpaka figo zake zote mbili zilipokufa, akalazwa hospitalini hukohuko. Ofisi yake ilikubali kumpeleka India akawekewe figo nyingine, mradi apatikane ndugu wa kuitoa. Damu ya Anyesi ilikuwa kundi lisilopatana na la mwanawe. Akabaki Matonya, naye alikubali siku hiyohiyo, tena kwa majigambo: "Nina figo mbili na ng'ombe arobaini. Chagueni." Wote watatu wakatolewa damu, ikatiwa kwenye sanduku la barafu na kupelekwa pwani kwa treni, ipimwe kama miili inaafikiana. Jibu ndilo hili.

Anyesi hakupiga yowe. Alimtazama mumewe machoni, kwa sababu aliona macho yale yanahama. Yalitoka kwake, yakaenda kwenye paa, mahali panga linapochomekwa.

"Baba Ebenezer, usiende kwa mtoto."

"Nakwenda kuchukua jina langu."

Akachomoa panga, akarukia baiskeli ya Zablon, akashika barabara ya mjini. Anyesi aliufunga mkono kwa kanga, akitumia meno na mkono wa kushoto. Kila alipovuta fundo aliona giza. "Bwana, nishike nisianguke kabla sijafika," alisema, na hakufumba macho kusali, maana alihitaji kuiona njia. Barabarani lori la mchanga lilisimama. Dereva alipoona ule mkono ulivyopinda hakuuliza nauli.

Alipofika hospitalini, baiskeli ilikuwa imetupwa kwenye ngazi za wodi, gurudumu bado linazunguka.

Ebenezer alikuwa amelala kitanda cha dirishani, uso umevimba, dripu mkononi. Alipomwona baba yake akiingia alijikokota kuinuka kwa heshima.

"Shikamoo, baba."

"Usiniamkie!"

Panga lilishuka. Ebenezer alijigeuza, chuma kikagonga chuma cha kitanda, cheche zikaruka. Pigo la pili alilikinga kwa kiganja. Damu ilitapakaa kwenye shuka, kwenye ukuta na kwenye uji wa mgonjwa wa pembeni. Wagonjwa waliojiweza walikimbia, wasiojiweza wakajiviringisha sakafuni. Anyesi alijirusha mgongoni kwa mumewe, akamuuma shingo, akang'ang'ania hivyo hivyo kwa meno mpaka mhudumu wa wodi, Filipo, alipompiga Matonya usoni kwa beseni la chuma. Pua ilipasuka. Wanaume wanne wakamkalia. Hata chini, na damu mdomoni, alikuwa akisema, "Si wangu. Si wangu."

Polisi walimchukua. Anyesi alifungwa plasta. Ebenezer alishonwa kiganja, na daktari akamwambia mama ukweli wote: bila figo, kijana hamalizi miezi miwili.

Aliyemsaidia ni Lydia, mtaalamu wa maabara aliyewatoa ile damu. Alikuja kukaa kando ya Anyesi kwenye benchi la plasta, karatasi ileile magotini.

"Mama, shikamoo. Hii karatasi mimi siiamini."

"Marahaba. Kwa nini, mwanangu?"

"Kwa sababu ya njia waliyotumia. Ni ya zamani. Wanachukua chembe za damu zikiwa hai, wanazimwagia dawa. Dawa ikiitambua alama yake kwenye chembe, inaiua. Kisha wanatia rangi. Chembe iliyokufa inainywa rangi, iliyo hai haiinywi. Wanachungulia kwa darubini: zilizokufa zikiwa nyingi, wanaandika alama ipo."

"Na iliyojifia yenyewe?" Anyesi aliuliza.

Lydia alimgeukia. "Hapo ndipo penyewe, mama. Inakunywa rangi vilevile. Aliyeuawa na aliyejifia, pale kwenye kioo wanalala sawa."

Anyesi akakumbuka treni. Ilikuwa wakati wa mvua za elinino. Maji yalichimba tuta la reli pale Gulwe, abiria wakalala huko usiku na mchana. Na sanduku nalo lilikuwemo humo, barafu inayeyuka.

"Damu yenu ninyi wawili ilivumilia," Lydia alisema. "Ya mgonjwa haina nguvu. Nadhani nusu ilifika imekufa. Wakaandika alama ambayo kijana hana."

"Sasa tufanyeje?"

"Kuna njia mpya. Inasoma maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe, hai au maiti, haijali. Nimekuwa nikiweka masalia ya damu kwenye barafu na kuyatuma Nairobi, kulinganisha njia hizi mbili. Katika familia arobaini, tisa zimepata majibu tofauti. Ya kwenu nilishaituma. Ni kungoja."

Walingoja wiki tatu. Zablon alipita wodini mara moja, akaacha ndizi kwa muuguzi, akaondoka bila kuingia.

Jibu lilipofika, Lydia alifuatana na Anyesi hadi mahabusu. Matonya aliletwa, pua imepinda. Lydia alimsomea taratibu. Ile alama haikuwepo kabisa. Nusu ya urithi wa Ebenezer ilikuwa ya mama, nusu ya pili ilikuwa ya Matonya, herufi kwa herufi.

"Kwa hiyo ni wangu?"

"Alikuwa wako siku ile unamkata," Anyesi alisema.

Matonya aligeuka akaupiga ukuta kwa kichwa. Mara ya kwanza askari hakuamini anachokiona. Mara ya pili ngozi ilichanika, mara ya tatu wakamshika. Alishuka kwenye sakafu, damu inamwingia machoni.

"Chukueni zote mbili," alisema. "Figo zote. Niacheni nife."

"Moja inatosha," Anyesi alimjibu. "Ya pili utasimama nayo mahakamani. Kesi yangu siifuti."

"Mama Ebenezer, nisamehe."

"Hilo nitaongea na Mungu kwanza. Wewe nijibu la figo."

"Natoa."

Mahakamani, hakimu alisoma barua ya daktari iliyoomba Matonya aachiwe kwa dhamana akatoe figo, kisha akauliza nani anamdhamini mshtakiwa. Zablon alikuwa benchi la nyuma, anaangalia viatu vyake. Watu wakaangaliana.

Anyesi akasimama.

"Wewe mama?" hakimu alivua miwani. "Si ndiwe uliyevunjwa?"

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Mdhamini ni wa kuhakikisha mtu hakimbii. Utamhakikisha vipi na mkono huo?"

"Nina macho, mheshimiwa. Hayakuvunjwa."

Watu walicheka. Hakimu alitikisa kichwa, akaandika. Anyesi alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulisifiwa kanisani, lakini mkono wa kuandikia ulikuwa ndani ya plasta. Akabonyeza dole gumba la kushoto kwenye wino.

Nje jua lilikuwa kali. Gari la hospitali lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, Ebenezer ndani, kiganja kimefungwa kitambaa. Alikuwa anawatazama, hakushuka. Matonya alinyoosha mkono kuupokea mkoba wa mkewe. Anyesi alirudi hatua moja, akaubana mkoba kwapani.

"Tangulia," alisema.

"Tuende pamoja, Mama Ebenezer."

"Tangulia, Matonya. Sikupi mgongo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu. Matonya akatangulia kuvuka barabara, naye akafuata hatua tano nyuma, jicho kwenye mikono yake miwili.