Taa Ilikuwa ya Kijani

Mimi mtu akiniambia jambo, swali langu la kwanza ni moja tu: umelitoa wapi? Mimi ni mkutubi wa chuo, kwa hiyo nasingizia kazi, lakini mume wangu husema nilizaliwa nalo, na kwamba hata mkunga nilimdai kitambulisho. Nilipoanza kujitolea kuhariri ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo yeyote anaruhusiwa kuandika, nikajipa jina la Mama Vyanzo. Ukiandika kitu humo bila kuonyesha kitabu au gazeti ulikokitoa, nakifuta. Sina simile.

Wasumbufu wapo wa kila namna, ila hakuna walionichosha kama watu wa reli. Huyu anaandika idadi ya mabehewa ya treni ya mizigo kwa sababu aliyahesabu utotoni, yule anatangaza kwamba kituo fulani kitafunguliwa tena kwa sababu mjomba wake kaambiwa. Nafuta, wanarudisha. Kati ya wote hao, mmoja ndiye aliyenipandisha presha. Hakuwa na jina wala akaunti, alionekana kwa tarakimu tu za anwani yake ya mtandao. Kila baada ya siku chache aliongeza maneno yaleyale kwenye ukurasa uleule, ukurasa wa ajali ya zamani ya treni mbili zilizogongana karibu na kituo cha kiwandani: “Dereva hakuwa na kosa. Taa ilikuwa ya kijani.”

Basi, hayo tu. Hakuna kitabu, hakuna gazeti. Na ukurasa wenyewe ulikuwa umeshiba vyanzo: magazeti ya wakati ule, ripoti ya tume, hukumu ya mahakama. Dereva wa treni ya abiria alipita taa nyekundu, watu wakafa, na yeye mwenyewe akakiri mbele ya hakimu. Sasa nani wa kubishana na mtu aliyekiri? Nilimwandikia yule asiye na jina kwa upole, kisha kwa ukali, kisha nikamwambia wazi kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake maneno yalikuwa yamerudi.

Ijumaa uvumilivu ukanishinda. Nikamwandikia msimamizi mmoja, mhariri mwenzangu tunayemwita Mzee Koma kwa jinsi anavyopenda kusahihisha alama za uandishi, nikamwomba aifungie ile anwani.

“Funga kabisa,” nilimwandikia. “Hata mwenye akaunti akitumia anwani hiyo asiweze kuhariri. Huyu kesho atajifungulia akaunti atuchezee akili.”

Akafunga. Nikalala usingizi mtamu kama mtoto aliyeogeshwa.

Jumamosi asubuhi mume wangu alikwenda kwenye karakana yake ya majokofu, nami nikakaa sebuleni na kompyuta yangu. Nikabonyeza pa kuhariri. Sikuruhusiwa. Nikabonyeza tena kwa hasira, kana kwamba kompyuta inaogopa vidole vyangu. Ukatokea ujumbe kwamba anwani ninayotumia imefungiwa kwa kuingiza mara kwa mara habari za reli zisizo na chanzo. Na chini yake: imefungwa kwa ombi la Mama Vyanzo.

Nikampigia simu Mzee Koma.

“Umekosea, umenifungia mimi!”

“Nimefunga tarakimu ulizonitumia wewe mwenyewe,” alisema. Nikamsikia akibofya mahali, kisha akaanza kucheka kicheko kibaya. “Mama Vyanzo, kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mtu wako wa reli anatumia mtandao wa nyumbani kwako.”

Sisi wenye akaunti anwani zetu hazionekani, na sikuwahi hata siku moja kujua ya nyumbani kwangu ikoje. Nyumba yetu ina watu watatu. Mimi nilijijua. Mume wangu ni msomaji tu. Tukizozana hata juu ya umri wa kobe hufungua kamusi elezo na kusema tuone wenyewe wanasemaje, lakini kuandika humo hajawahi kuandika hata nukta. Akabaki mama mkwe, aliyehamia kwetu tulipooana, akiwa tayari mjane, na ambaye nilidhani ile tableti aliyonunuliwa na mwanawe ni ya kusikilizia nyimbo.

“Mkwe wangu!” aliita kutoka chumbani kwake wakati huohuo. “Hebu njoo, hiki kitu kimegoma.”

Nilimkuta amekaa kitandani, tableti mapajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua. Kwenye kioo ulikuwepo ujumbe uleule niliotoka kuusoma.

“Kuna mwanamke ananiandama humu,” alisema. “Anajiita Mama Vyanzo. Naandika, anafuta. Naandika, anafuta. Leo naona kanifungia mlango kabisa. Hivi mtu kama yule hana mama mkwe wa kumfunza adabu?”

Siku nyingine ningecheka mpaka mbavu ziniume. Siku ile hapana.

“Mama,” nikasema, “Mama Vyanzo ni mimi.”

Akavua miwani. Akanitazama uso mzima, polepole, kama vile nimeingia nyumbani kwa kuvunja dirisha.

“Wewe?”

“Mimi, Mama. Nisamehe. Sikujua kama ni wewe.”

“Wewe ninayekula nawe meza moja ndiye uliyeniita mwongo?”

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ulimi hauna mfupa, na katikati ya aibu yangu lile swali likanitoka lenyewe: “Lakini Mama, hayo maneno umeyatoa wapi?”

“Yule dereva alikuwa mume wangu,” alisema.

Nikakaa kitandani bila kukaribishwa. Tangu tuoane, mume wangu amenieleza jambo moja tu juu ya baba yake: alifungwa, akatoka, akafa, usiniulize zaidi. Nami nikaheshimu. Nilidhani wizi, au ugomvi wa kilabuni. Mume wangu hatumii hata jina la baba yake, hutumia la babu mzaa mama, na picha ya yule mzee haiko popote nyumbani mwetu. Kumbe muda wote nilikuwa nikiulinda ukurasa wa baba mkwe wangu, nikihakikisha anabaki na hatia.

“Pole, Mama,” nikasema, na bado yule mkutubi ndani yangu hakunyamaza. “Lakini yeye mwenyewe alikiri. Mke akimtetea mumewe, watu watasema...”

“Simtetei. Taa ilikuwa ya kijani kwa sababu niliiwasha mimi.”

Sikuelewa. Akanieleza, macho yake yakiwa kwenye tableti iliyokwisha kuzimika kioo. Alikuwa akifanya kazi kwenye kibanda cha ishara, yule mtu anayekaa juu kando ya reli na kuvuta vishikio vya kubadilishia taa. Alikuwa mjamzito, anatapika tangu asubuhi. Alitoka nje kutapika, aliporudi akadhani treni ya mizigo imeshapita. Haikuwa imepita. Akampa mumewe taa ya kijani.

“Nilisikia kishindo,” alisema. “Halafu nikamsikia yeye anapanda ngazi. Kichwa kinavuja damu. Hakunigombeza. Alishika kile kishikio kwa mkono wake, akairudisha taa kuwa nyekundu. Akaniambia, umenielewa? Mimi ndiye niliyeipita. Akaniapisha nisiseme kwa mdomo wangu mpaka naingia kaburini.”

Ile ripoti ya tume, ile hukumu, magazeti yote niliyoyapanga chini ya ukurasa kwa fahari, yalitoka kwenye maneno ya mtu mmoja aliyekuwa anadanganya. Na watu walikufa pale, watu wenye mama zao. Nilimtazama mwanamke huyu anayenikunia nazi na kunikumbusha mwavuli, nikashindwa kujua nimwonee huruma au nimwogope. Vyote viwili nilivihisi kwa pamoja.

“Kwa nini sasa, Mama? Na kwa nini mtandaoni?”

“Aliniapisha mdomo. Kuandika hakunikataza.” Akaikunjakunja ncha ya khanga yake. “Nimemwona mwanangu akiusoma ukurasa ule. Si mara moja. Anausoma, anauzima, anakwenda kunawa uso. Yeye kila kilichoandikwa humo anakiamini. Nikasema siku moja atafungua akute baba yake hana kosa. Na kila nilipoandika, wewe ulifuta kabla hajarudi kutoka kazini.”

Nililia. Sioni haya kusema nililia kwa sauti, na yeye ndiye aliyenipigapiga mgongoni, mtu niliyempokonya kalamu.

Tulikuwa bado hivyohivyo mume wangu alipoingia kwa ajili ya chakula cha mchana. Alisimama mlangoni na viatu vyake vyenye mafuta.

“Kuna msiba?”

Mama akanitazama. Nilijua anachotaka: niseme mimi, ili yeye abaki na kiapo chake.

“Mama, huko hakuandikiki tena,” nikamwambia. “Na hili mimi siwezi kulisema badala yako.”

Akaiweka tableti kando. Kisha akasema. Alianza na kile kibanda na kichefuchefu, akaja kwenye taa, akaja kwenye ngazi na damu. Mume wangu akaegemea ukuta, akateremka nao taratibu mpaka akakaa sakafuni.

“Ile mimba,” alisema mwishowe, “ilikuwa mimi?”

“Ilikuwa wewe. Alisema mtoto hazaliwi jela.”

Mume wangu alikuwa akitazama kiganja chake cha kulia, anakifungua na kukifunga.

“Pale hospitali alininyooshea mkono,” alisema. “Siku ya mwisho. Hakuweza tena kuongea, akaninyooshea mkono, nami nikatoka nje.”

“Najua, baba,” mama yake akasema. “Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda.”