Nyumba Iliyojifunza Kusema Sijui

Nyumba yetu ya Keshero ina ngazi kumi na moja za mawe meusi zinazoshuka hadi kwenye tanki la maji. Tanki liko shimoni, na shimoni ndiko mazuku hukaa: ile hewa nzito inayotoka chini ya mawe ya volkano, isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mbuzi kabla hajalia. Hujikusanya alfajiri, upepo ukiwa umelala. Jua likipanda, hutawanyika.

Anayeshuka huko kila asubuhi ni Nyiramahirwe, mpangaji wetu. Hujaza maji bidoni zake, kisha hujaza na zangu bila kuombwa, kwa sababu magoti yangu yamekataa ngazi. Mwezi wa tatu hewa hiyo ilimwangusha kule chini, akapanda kwa kutambaa. Kesho yake alileta maji tena. Ndipo mjukuu wangu Christa, anayesomea umeme, akasema ataweka kipimo cha hewa.

Kule chini aliweka kisanduku chenye taa ya kijani, na jikoni akafunga spika juu ya mlango. Katikati ya hivyo viwili iko kompyuta ndogo, haizidi kopo la sardini. Ilikuwa tayari inawasha taa za uani na kutuambia batri zimebaki na nguvu gani. Sasa ilipaswa kusema habari ya hewa.

Jumamosi mchana tukafanya majaribio. Christa alinionyesha violezo kwenye skrini: sentensi zilizoandikwa zikiwa na pengo, nyumba yenyewe inajaza.

"Kama cheti cha ubatizo," nikasema. "Paroko anaacha nafasi ya jina."

"Ndiyo hivyo, Koko. Miye nakagua kama jina linaingia mahali pake."

Akaandika namba ya kubuni, kana kwamba kipimo kimeituma: mia tano. Spika ikasema: "Hewa ni nzuri. Unaweza kushuka." Akaandika elfu ishirini. "Hewa ni mbaya. Usishuke!"

Nyiramahirwe, aliyekuwa anachambua majani ya sombe mlangoni, akacheka. "Hata bwana yangu hajaniamuru hivyo tangu tuoane!"

Tulijaribu namba nyingi, zote zikajibiwa vizuri. Christa akajinyoosha. "Imekwisha. Kesho inaanza kazi."

"Kwanza chomoa kile cha chini," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Umeme wa hapa unaujua. Nataka kusikia itasema nini."

Jua lilikuwa kali na upepo wa ziwa unavuma, kwa hiyo alishuka bila hofu, akachomoa waya. Taa ya kijani ikazimika. Nyumba ikasema: "Hewa ni nzuri. Unaweza kushuka."

Nyiramahirwe aliweka sombe chini.

"Nani ameiambia?" nikauliza.

Christa alipanda mbio, akasoma skrini. "Ni miye. Niliandika kwamba kipimo kikinyamaza, ichukue sifuri, ili isikwame. Na sifuri ni ndogo kuliko namba zote, kwa hiyo inaona hakuna hatari."

"Mutoto wangu, ukipiga hodi kwa watu na hakuna anayejibu, unaenda kusema wako wazima?"

"Hapana, Koko. Nazunguka nyuma. Naita jirani."

Hakujitetea, na hilo nalipenda kwake. Akafungua kiolezo cha tatu, kisha akamgeukia Nyiramahirwe. "Mama, weye ndiwe utaisikiliza. Iseme nini?"

"Iseme haijui. Wenye elimu hawapendi neno hilo, lakini iseme tu."

Mara tatu waya ulichomolewa, mara tatu nyumba ikatamka: "Sijui hewa ikoje. Usishuke."

Jumanne tuliamka umeme umekatika. Kompyuta ilikuwa kwenye batri, kisanduku cha chini hakikuwa na batri. Nyiramahirwe alikuja na bidoni zake mapema, kama kawaida, na alipofika mlangoni spika ikasema: "Sijui hewa ikoje. Usishuke." Akaziweka chini.

"Pengine ni umeme tu," Christa akasema, akisugua macho.

"Pengine," nikasema. "Lete mshumaa."

Tuliufunga kwenye mti mrefu wa kuanikia nguo, tukauteremsha polepole. Kwenye ngazi ya saba moto ulisimama wima. Kwenye ya tisa ulizimika, kama umebanwa na vidole. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Nyiramahirwe aliutazama moshi ule mwembamba. Kisha akainua macho kwenye spika. "Aksanti, mama," akaiambia, kwa heshima kabisa.

Tulikunywa chai ya maji ya jana, sisi wawili kwenye benchi, huku Christa akitafuta batri ya kufunga kwenye kisanduku. Jua lilipojaa shimoni tuliuteremsha mshumaa tena, na safari hii uliwaka hadi kwenye tanki. Nyiramahirwe akashuka, akajaza bidoni zake, kisha zangu.