Boza la Maji Safi

Phelim Treanor hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, na ndugu yake wa mwisho alikuwa amezikwa Boston. Paa la zizi lake halikuwa na mfereji wa maji upande wa kaskazini. Trekta lake jekundu halikuwa na kioo cha kulia, na boza lake la samadi halikuwa na taa hata moja. Breki boza lilikuwa nazo, ila mpira wa kuziunganisha na trekta ulikuwa ukining'inia kwenye msumari karakanani kwake kwa mwaka wa sita, kwa sababu kuufunga kulichukua dakika tatu na Phelim hakuwa na dakika tatu. Hakuwa na subira na majirani. Na barua alizoiandikia serikali ya kaunti kwa miaka kumi na tisa, nzuri zote, hazikuwa na sahihi.

Alichokuwa nacho ni mwandiko. Katika kijiji kizima cha Drumgarra hapakuwa na mtu aliyeweza kujaza fomu ya serikali kama Phelim. Watu walimletea makaratasi yao mezani jikoni, wakanywa chai yake, wakaondoka na ombi la ruzuku lililonyooka kama uzi. Wiki iliyofuata, kwa kalamu ileile, Phelim aliiarifu kaunti kuhusu waliyoyafanya majirani haohao nyuma ya nyumba zao.

Mara nyingi ilikuwa samadi, ile ya majimaji inayokusanywa kwenye shimo chini ya zizi. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Januari ni marufuku kumwaga samadi shambani, maana ardhi imelowa na kila kitu kinaishia ziwani. Sheria hiyo Phelim aliipenda kama wengine wanavyopenda mpira wa miguu. Miaka mitatu nyuma, Dessie Gormley, fundi wa matrekta aliyekuwa pia na ng'ombe arobaini, alitozwa faini kwa kumwaga samadi wiki ya Krismasi. Karani alipomwonyesha barua iliyomchongea, Dessie aliuangalia ule mwandiko kwa muda, akalipa, akaenda zake. Kisha akamwomba Phelim amjazie fomu ya ruzuku ya kuchimba shimo kubwa la samadi, asije akapatwa tena. Phelim akaijaza vizuri sana. Dessie akapata shimo kubwa kuliko yote Drumgarra.

Majira ya baridi ya mwaka tunaousimulia yalikuwa ya mvua tupu. Pale ambapo zizi la Phelim lilikosa mfereji, maji ya paa yote yalishuka moja kwa moja kwenye shimo lake la samadi, usiku na mchana. Kufikia wiki ya tatu ya Januari samadi ilikuwa imepanda hadi kugusa kwato za ng'ombe. Shimo la Dessie, upande wa pili wa barabara, lilikuwa nusu tupu. Phelim alijua hilo kwa lita, kwa kuwa hesabu aliiandika yeye. Lakini kwenda kuomba nafasi kwa Dessie Gormley kulimwia vigumu kuliko kuvunja sheria aliyoilinda miaka kumi na tisa.

Basi tarehe ishirini na mbili, zikiwa zimesalia siku tisa marufuku yaishe, palikuwa na ukungu mzito asubuhi, naye Phelim akajaza boza.

Milima ya Monaghan ni mifupi lakini mikali, na barabara ya kwenda shamba lake la mbali inashuka kwa kona mbele ya nyumba ya Attracta Sherry. Katikati ya mteremko boza likaanza kulisukuma trekta. Phelim alikanyaga breki. Trekta lilisimama, boza halikusimama. Trekta likajikunja mtaroni, pini ya kukokotea ikakatika, na lita elfu sita za samadi zikavuka barabara peke yake kama mtu aliyechelewa miadi. Boza likapita katikati ya ukuta wa mawe, likalala ubavu uani, mdomo wake ukitazama mlango wa mbele. Kifuniko kikafunguka.

Mlango nao ulikuwa wazi, ili rangi ikauke. Attracta, mjane wa miaka sitini na minne aliyewahi kuwa muuguzi, alikuwa ameletewa zamu ya Misa ya Machi. Kule padri husoma Misa majumbani, nyumba moja baada ya nyingine, na zamu hurudi kila baada ya miaka kumi na minne. Mtu huisubiri kama harusi. Attracta alikuwa ameweka zulia jipya, mapazia mapya, vikombe ishirini na vinne vyenye ukingo wa dhahabu, na sasa alikuwa juu ya ngazi ya ukumbini, brashi mkononi, akimalizia rangi ya maziwa.

Phelim aliingia mbio, samadi ikiwa imemfika kwenye vifundo vya miguu.

"Umeumia?" Attracta akauliza.

"Sijaumia."

"Basi vua viatu."

Ni mazoea tu yaliyomsemesha. Alipotazama chini na kuona zulia halipo tena, aliketi kwenye ngazi na kuiweka brashi mapajani, ikamchafua aproni. Phelim alivua viatu. Hakuona jambo jingine la kufanya.

Kwa miaka sita kila Jumamosi alikuwa akimletea kuni, akinywa vikombe viwili vya chai, na kukusudia kusema neno fulani. Siku hiyo aliona wazi kwamba neno lile lisubiri kidogo.

Drumgarra wana desturi yao: mashine ikipinduka, ni ya kijiji kizima mpaka isimame tena kwa magurudumu yake. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kabla ya nusu saa kupita, watu tisa walikuwa pale na makoleo, ndoo na pampu za kuoshea, na wa kwanza wao alikuwa Dessie Gormley na kreni yake. Saa saba mchana barabara ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa tangu ijengwe. Ndipo Dessie akajifuta mikono na kusema, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba ilikuwa bahati mbaya sana, mzee wa watu akiwapelekea maji ng'ombe wake wa shamba la mbali.

"Maji gani?" Phelim akauliza.

"Maji safi, Mzee Phelim. Utakuwa ulibeba nini kingine Januari? Sisi sote sheria umetufundisha wewe."

Watu wanane wakaitazama ardhi kwa makini. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma Phelim zaidi. Alitaka kusema kwamba yeye si mtu wa kufichiwa. Kinywa chake kikasema, "Maji safi, ndiyo."

Jioni alijaza fomu ya bima. Penye nafasi ya mzigo aliandika *maji safi*, na majirani tisa walitajwa kama mashahidi. Chini akatia jina lake. Alipoinua kalamu ndipo alipoona kitu ambacho hakukipenda: kwa miaka kumi na tisa alikuwa amesema kweli bila sahihi, na uongo wake wa kwanza ulikuwa na sahihi nzuri ajabu.

Baada ya siku nane alikuja mkaguzi wa bima, kijana aitwaye Ultan Keenan, mtoto wa mkulima wa Cavan, mwenye buti mpya. Alizunguka ua, akainama, akavuta hewa puani mara mbili. Ndani ya nyumba aliangalia mstari wa kahawia uliozunguka kuta zote za ukumbi na sebule, kimo cha kifundo cha mguu. Attracta alimpa chai na mkate wa siagi, na kijana akasoma matokeo kwa upole. Trekta litatengenezwa. Pini mpya italipwa, ingawa habari ya mpira wa breki ingehitaji maelezo siku nyingine. Ukuta wa mawe utajengwa.

"Na hili?" Phelim akauliza, akionyesha kuta.

"Hili hapana. Maji safi hayachafui, mzee. Yanakauka."

Attracta alimwongezea kijana chai.

Phelim akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya mwingine, mambo yangekuwaje kama maji yale hayakuwa safi sana. Ultan akaweka kikombe chini. Alisema kwamba ingekuwa samadi, kampuni ingelipa kila uzi wa zulia na kila mfuko wa saruji, na mafundi wangeingia ndani ya wiki moja ya kupata barua ya masahihisho. Lakini samadi ikiwa barabarani kabla ya Februari, nakala ya ripoti lazima iende kaunti, na kaunti ingemfutia mkulima ruzuku ya mwaka mzima.

"Ila wewe umeandika maji," akamalizia. "Na mwandiko wako, kusema kweli, hauachi shaka."

Majirani hawakukata tamaa. Walikuja Jumamosi na kupiga kuta rangi ya maziwa. Jumatatu mstari wa kahawia ulirudi. Wakapiga tena, safari hii mara mbili, na baada ya siku nne ukarudi tena, palepale kwenye kifundo, umenyooka kama umepigiwa rula. Joto la jiko likiwaka, nyumba nzima ilinuka zizi. Plasta yote ilitakiwa kubomolewa, kazi isiyofanywa kwa brashi na nia njema.

Jumamosi ya katikati ya Februari Phelim alileta kuni kama kawaida. Vikombe ishirini na vinne vilikuwa vimerudishwa kwenye sanduku lake.

"Nimemwambia padri Misa iende kwa akina Gormley," Attracta akasema. "Siwezi kuwapigisha watu magoti humu."

"Itarudi, Attracta."

"Itarudi, ndiyo. Nitakuwa na miaka sabini na minane. Au nitakuwa ndiye mnayemwombea." Alifunga sanduku kwa kamba. "Sikulaumu kwa ajali, Phelim. Ajali ni ajali. Lakini kila nikipita ukumbini naambiwa yalikuwa maji."

Siku hiyo alimpa kikombe kimoja tu cha chai.

Kutoka pale alikwenda karakanani kwa Dessie, ambako trekta lake lilikuwa juu ya magogo, tumbo wazi. Miguu ya Dessie ilionekana chini yake. Phelim aliiambia ile miguu kwamba ataandika barua ya kusahihisha.

Kisha Dessie akajivuta nje, spana mkononi, akamkumbusha kwamba watu tisa walikuwa wamesema maji. "Unataka kutufanya sote waongo?"

"Nitaandika kwamba palikuwa na ukungu, hamkuona vizuri."

"Na pua zetu nazo zilikuwa na ukungu?"

Phelim akasema hilo kampuni itajiamulia. Dessie akaketi kwenye gurudumu la zamani.

"Kwa nini hukuja kwangu? Shimo langu lina nafasi. Fomu yake uliandika wewe."

"Ungekataa."

"Ningekataa siku mbili, ili nifurahi. Siku ya tatu ningekuletea pampu na boza langu." Alifuta spana kwa kitambaa. "Wewe huwezi kuomba kitu usoni mwa mtu, mzee. Kusema jambo pia huwezi, mpaka uwe nyuma ya bahasha."

Phelim alimuuliza ana maana gani.

"Ile ya wiki ya Krismasi niliisoma yote. Barua nzuri. Nilimwambia mke wangu, angalau nimechongewa na mtu aliyesoma." Akarudi chini ya trekta. "Nimekufungia mpira wa breki. Usiutoe tena."

Phelim alitembea kurudi nyumbani. Kwa hiyo walijua. Wote tisa waliposhika makoleo walijua, na waliposema maji walijua, na kwa miaka yote wamekuwa wakimletea fomu zao na kunywa chai yake huku wakijua. Alijaribu kuwakasirikia, ikawa ngumu.

Jumatatu asubuhi aliosha mikono, akafuta meza, akaiandikia kampuni ya bima. Alianza na *Mimi, Phelim Treanor*, maneno ambayo barua zake hazikuyazoea, na kwa muda akayatazama kama wageni waliokaa kwenye kiti chake. Akaeleza tarehe, lita, kosa la breki na kosa la samadi. Akaeleza ukungu. Akaomba Bi Attracta Sherry alipwe yote, plasta na mapazia, na mafundi wafike kabla ya wiki ya pili ya Machi, maana kuna Misa. Alipofika mwisho hakuweza kujizuia: akaongeza aya fupi kuikumbusha kaunti, itakayopata nakala, kwamba kona ile haina kibao cha tahadhari, jambo aliloiandikia mwaka juzi bila kujibiwa. Kisha akatia sahihi.

Zile nyingine zote alikuwa akizipeleka mjini, maili kumi na moja, asionekane. Hii aliipeleka posta ya Drumgarra, dirisha moja ndani ya duka la mikate, ambako Nuala wa posta alijua kila bahasha ya kijiji na alikuwa na watu wanne kwenye foleni. Phelim alikuwa hajaifunga bado. Nuala alitazama jina lililoandikwa nyuma, mahali pa mwenye kutuma, akamtazama mwenyewe.

"Leo hukwenda mjini, Mzee Phelim?"

"Leo sikwenda."

Akatoa karatasi, akaisoma tena mara moja pale mbele ya watu, akairudisha. Alilamba gundi, akakandamiza ukingo kwa kidole gumba kutoka pembe hadi pembe, akabandika stempu. Nuala alinyoosha mkono, lakini Phelim alizunguka hadi kwenye sanduku jekundu la plastiki la barua zinazotoka, akaiweka mwenyewe, jina lake likiwa juu.