Kitalu cha Kumi na Tatu

Kila Jumanne asubuhi, kabla jua halijakaza, mtaalamu wa nyasi alipiga magoti kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, akalaza fremu yake ya waya juu ya udongo na kuhesabu majani. Fremu ilikuwa ya nusu mita kila upande; aliipinda mwenyewe kwa koleo la baba yake. Kwa miaka ishirini na sita watu walivunja betri chakavu uwanjani hapo na kuyeyusha madini ya risasi yaliyokuwamo, na baba yake alikuwa mmoja wao. Tanuri liliondolewa, vumbi likabaki. Kazi ya binti yake, mtaalamu huyo, ilikuwa kuchagua nyasi za kulifunika.

Vitalu vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja na kijiti chake cha namba. Ukoka ulishika wiki mbili, ukageuka njano. Vetiva ilisimama wima kama askari wa gwaride, ikafa imesimama. Matete hayakutaka hata kusalimiana na udongo ule. Kitalu cha saba peke yake ndicho kilichokubali. Humo alipanda jani alilolikuta limejiotea kwenye mfereji nyuma ya kantini ya zamani, jani fupi, jembamba, lenye mstari mweupe katikati, ambalo halikuwamo katika kitabu chake hata kimoja. Maabara ikajibu kwamba juu ni safi; sumu yote linaishikilia mizizini. Ndilo alilokuwa akilitafuta. Kwenye ardhi ya namna ile hutakiwi kupanda nyasi inayopandisha sumu majanini ikaliwa na mifugo. Unapanda inayojua kufunga mdomo.

Siku majibu yalipofika, alimkuta mama yake sebuleni akitafuta mkasi.

"Baba yako ameota nyasi," Mama alisema.

"Wapi?"

"Kifuani, na bega la kulia. Nilimpunguza Jumapili, zimerudi."

Baba alikuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha, vifungo vya shati wazi, akipumua kwa vituo kama alivyopumua kwa mwaka wa nne sasa. Nyasi zilikuwa fupi, nyembamba, zenye mstari mweupe katikati.

"Zinawasha?" binti aliuliza.

"Zinatekenya tu, mwanangu. Hasa mbuzi wa jirani akija kunila."

"Mimi niliolewa na mtu," Mama alisema, mkasi mkononi. "Sasa nalala na malisho."

Baba alicheka mpaka kikohozi kikamkata. Binti alisubiri kipite, akaenda kuchukua fremu. Ilipwaya kifuani pande zote mbili, hivyo akahesabu palipokuwa na mwili tu. Kitalu cha saba kilikuwa kimefunikwa asilimia sitini. Baba alikuwa tisini na mbili. Akaandika kwenye daftari la mradi: *Kitalu cha kumi na tatu. Mbegu: haikupandwa. Udongo: Baba.*

Daftari hilo lilikuwa na uzito wake. Ramani ya sumu ingechorwa kutokana nalo, na kila anayeishi ndani ya ramani angepimwa damu, atibiwe, na udongo wa uani kwake uchotwe ukatupwe mbali. Ramani ya kwanza iliishia kwenye uzio wa kiwanda. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa nje ya uzio, hatua mia mbili.

Wiki iliyofuata alitoka na fremu mitaani. Mpishi wa zamani wa kantini alikuwa nazo mikononi hadi kwenye viwiko. Fundi cherehani wa mtaa wa pili zilimwotea kichwani, naye msusi alizisukia humo humo pamoja na nywele, hakuuliza kitu. Shuleni zilikuwa magotini mwa watoto, na mwalimu wa zamu alishawaambia wazichane kwa chanuo kabla ya kupanga mstari. Kitalu cha arobaini na moja kilikuwa shingo ya bibi mmoja anayekaa karibu na daraja. Meneja wa mradi, aliyehamia mwaka jana, hakuota hata jani moja.

Meneja alisoma daftari lote bila kuruka ukurasa.

"Kazi safi, dada. Namba saba tunaichukua. Ila hivi vya kumi na tatu mpaka arobaini na moja viko nje ya uzio."

"Viko kwenye watu."

"Nimeona. Na watu hao wako nje ya uzio."

"Jani haliujui uzio, bosi. Linajua risasi ilipo."

"Uzio umepimwa na mpima ardhi mwenye leseni. Jani limepimwa na nani?"

"Na mimi."

Meneja alichukua rula na kalamu, akazikata kurasa zile kwa mstari ulionyooka vizuri.

Mbegu ya namba saba ilimwagwa uwanja mzima. Wiki hizo Baba alikuwa na kiu isiyokatika, na Mama alimpa maji kikombe kimoja mdomoni, kimoja kifuani. Alifariki Alhamisi, saa sita mchana. Mama hakumpunguza tena; alichukua chanuo, akazilaza nyasi zote upande mmoja. Siku ya tatu kaburi lilikuwa kijani, na hakuna aliyekuwa amepanda kitu.

Uwanja ulipojaa, wakaja wageni wa heshima na bango lililosema ardhi imepona. Watoto wa shule waliimba, wakiwa wamesimama nje ya uzio, nyasi za magotini zimechanwa. Mgeni mmoja alimwuliza mtaalamu aliichaguaje nyasi nzuri kama ile.

"Nilichagua iliyomfunika baba yangu asilimia tisini na mbili," alijibu. "Bado inawafunika watu ishirini na wanane, na hakuna aliyepimwa damu."

Wageni walipiga makofi, wakaenda kula.

Asubuhi yake meneja alimwita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kuchapwa, ya kuomba radhi kwa kutumia fremu na daftari la mradi kwa mambo ya kifamilia.

"Sahihi tu, dada. Ukitia, mkataba unaendelea. Kuna kiwanda kingine kinasubiri nyasi."

Mtaalamu alisoma karatasi yote, kisha akainama kukuna goti. Kwa miaka miwili alikuwa amepiga magoti uwanjani pale. Chini ya suruali vidole vyake vilipapasa majani mafupi, membamba. Hakuhitaji kuutazama mstari mweupe. Aliirudisha karatasi upande wa meneja, kalamu juu yake.

"Andika kitalu cha arobaini na mbili," alisema. "Radhi siombi."