Kona ya Kupumulia

Haya yote ni kweli tupu, bila chumvi hata punje. Anayebisha akalishike bomba lenyewe likiwa na mvuke.

Babu alishastaafu ufundi bomba, lakini mjukuu wake, mhandisi wa kiwanda cha sabuni, alimwita aje amlainishe meneja. Bomba la mvuke la mita arobaini lilikuwa limebanwa huku na huku. Mjukuu alitaka liwekewe kona ya kupumulia katikati, ili chuma kikipata moto kiwe na pa kurefukia. Meneja alitaka libaki limenyooka, na mhandisi atie sahihi leo. Likipasuka na kuunguza watu, jina kwenye mchoro ni la mjukuu.

"Chuma kirefuke?" meneja akacheka. "Kwani ni mpira?"

"Mwanangu," Babu akasema, akivuta kiti bila kukaribishwa, "mimi nilifunga bomba likarefuka mpaka likaingia dirishani kwa jirani. Mkewe akaanikia nguo. Tulipozima boila, likarudi kiwandani na mashuka yake."

Sifa zikiwa zimeshampanda kichwani, akachora kwenye boksi la sabuni. "Hesabu hii naifanya usingizini. Mita arobaini, nyuzi joto mia na themanini: linarefuka milimita themanini na sita."

"Sabini na mbili, Babu," mjukuu akasema taratibu.

Meneja akafunga faili. "Ninyi wa nyumba moja hamwelewani, mimi nimsikilize nani? Tia sahihi, libaki lilivyo."

Babu akalitazama boksi. Kitabu alichojifunzia, alichokinunua hakina jalada, kiliandikiwa watu wa nchi za baridi: kila hesabu ilianzia nyuzi sifuri. Angeweza kubisha, mdomo anao. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mjukuu.

"Nimekosea mimi," akasema. "Nimeanzia sifuri, na bomba letu halijawahi kuona barafu. Asubuhi lina nyuzi thelathini tayari. Yake ndiyo sahihi."

"Na likibanwa," mjukuu akadakia, "kila milimita ya mraba inabeba mkazo wa nyutoni mia tatu na sitini. Chuma hiki kinasalimu amri kwenye mia mbili na arobaini."

Meneja akawatazama wote wawili. Mzee mwenye maneno vile akikiri kosa, basi jambo lina uzito. Akaidhinisha kona.

Ilipokwisha kuchomelewa, mjukuu akamkabidhi Babu glavu na robota la sufi ya glasi. "Livike bomba wewe, lisipoteze joto. Inawasha kidogo. Ni adhabu ya milimita kumi na nne."

Juu ya ngazi, akijikuna shingo, Babu aliwaeleza mafundi kwamba kosa lile alilifanya makusudi, kumpima mtoto.

"Babu," sauti ya mjukuu ikatoka chini, "ongeza safu ya pili."

Akaongeza.