Mshindi Lazima Awepo Ukumbini

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Bi Verlene Gaskin aliingia kwenye ukumbi wa klabu ya walenga shabaha, amevaa sare yake nyeupe ya kuhudumu kanisani, akanunua tiketi moja ya bahati nasibu kwa dola ishirini.

Zawadi ilikuwa mezani, juu ya kitambaa cha buluu. Ni bastola iliyomuua mwanawe Jarvis, aliyegonga mlango wa Dwight Culpepper kuomba waya za kuwashia gari baada ya betri kumfia njiani. Mahakamani, wazee wa baraza walimwachia Culpepper, aliyefyatua risasi, hata kahawa yao haijapoa. Kufa kufaana, sasa alikuwa anauza tiketi, na fulana pia.

Bi Verlene alitaka kitu kimoja tu: aipate ile bastola, fundi wa kuchomelea aikate vipande, isije ikatundikwa sebuleni kwa mtu na jina la mwanawe chini yake.

"Verlene, leo hufanyi usafi kwa watu?" aliuliza msichana wa tiketi, ambaye kwa umri angekuwa mjukuu wake.

"Mimi ni Bibi Gaskin."

"Haya, Verlene. Bahati njema."

Culpepper akazungusha pipa la tiketi, akatoa tiketi, akaisoma. "Jarvis Gaskin."

"Wametuchezea hao!" mtu alifoka. "Si unawajua?"

Culpepper akatoa nyingine. Jarvis Gaskin. Ya tatu, Jarvis Gaskin, kwa mwandiko ule ule ambao Bi Verlene aliuona kwenye daftari za shule miaka yote.

"Sheria ni sheria," alisema Culpepper. "Mshindi lazima awepo ukumbini."

"Nipo," alisema Jarvis kutoka nyuma, karibu na birika la kahawa.

Alikuwa na suti aliyozikwa nayo. Wenye kazi ya maziko walikuwa wamelichana koti mgongoni ili limkae vizuri jenezani, kwa hiyo alipotembea shati lilionekana. Watu walimpisha. Akina mama wawili walivuta mikoba yao karibu.

Karani wa klabu alipiga simu serikalini kuulizia kama jina lake linaruhusiwa silaha, kama anavyofanyiwa kila mshindi. "Wanasema umekufa."

"Ndiyo, bwana."

"Basi huruhusiwi kumiliki silaha."

"Mpeni mama yangu."

"Tiketi haihamishiki, kijana."

Bi Verlene akasimama. "Dwight, nakuomba. Mtoto ulishanichukulia. Nipe hicho chuma tu, nikione kikikatwa."

Culpepper alimtazama kwa huruma kabisa. "Mimi sina ubaguzi wa rangi, Verlene. Hata Jarvis anajua. Lakini nikimvunjia sheria mmoja, wengine watasemaje?"

Kabla hajamaliza, daktari wa meno kutoka mjini alinyoosha mkono. Alisema bastola ambayo marehemu mwenyewe ameifuata si ya kutolewa kwa tiketi ya dola ishirini, na akataja dola elfu hamsini. Mwingine akapandisha, daktari naye akapandisha tena. Mwisho bastola ikawa ya daktari, aliyeomba picha moja ya ukumbusho: yeye, Culpepper na Jarvis katikati.

"Inua mikono kidogo, kijana," alisema mpiga picha. "Hivyo. Safi sana."

Jarvis aliinua mikono. Picha ile ilikuwa kwenye fulana kabla ya Jumatatu.

Nyumbani, Bi Verlene alimpa kuku wa kukaanga na makaroni ya jibini, akakaa nyuma ya kiti chake na sindano. Alilishona koti kuanzia kwenye ukosi kwenda chini, machozi yakimdondoka juu ya uzi, wala hakuyafuta.

"Mama," alisema Jarvis, "hata siku ile niliinua mikono."

"Najua, mwanangu."

Alikata uzi kwa meno, akapapasa mshono mpaka ukalala. Jarvis alisuuza sahani yake, akasema lazima arudi makaburini kabla giza halijaingia. Mama yake alimsindikiza hadi barazani, akamfunga vifungo vya koti.

"Pita njia ya kanisani, japo ni ndefu," alimwambia. "Usikimbie. Na ukikwama, mwanangu, usigonge mlango wa mtu."

"Sawa, Mama," alisema Jarvis, akashika njia ya kanisani.